Jani la Kipande cha Tisa

3 Machi

Kidoti,

Habari za siku nyingi. Huku mimi ni mzima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo liligoma zamani na linaendelea na mgomo wake. Natumaini nawe u mzima, pamoja na hali uliyonayo.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Nilikuwa napanga kabati la marehemu mama yako nikakuta blanketi alilokuwa akimfumia mjukuu. Vipande vinane vimekwisha na vimeshaunganishwa, kila kimoja kina jani lililoinuka katikati. Cha tisa, cha pembeni, hakipo. Kuna bonge la uzi wa kijani, sindano mbili, na jani alilolichora kwenye karatasi ya miraba. Mimi nimechomea majani ya chuma kwenye mageti ya nusu ya mtaa huu, nikaona jani la uzi halitanishinda. Limenishinda.

Wewe alikufundisha. Nieleze namna ya kuanza, kwa maneno ya kueleweka. Nikimaliza nitalituma kwa posta.

Baba yako

15 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, ila miguu imevimba na viatu vyote vimenikataa. Pole kwa goti.

Bahasha yako niliigeuzageuza, nikidhani imekosea mlango. Tangu uliponiambia kwamba nikiolewa na yule dereva nimetoka kwako moja kwa moja, hujaniandikia hata mstari. Msibani tulisalimiana kama watu waliopishana dukani. Leo unaniandikia kuhusu uzi. Haya, tuongee uzi.

Mama alikuwa na maneno mawili tu, laini na nundu. Laini, uzi unakaa nyuma ya sindano. Nundu, uzi unakuja mbele. Uwanja wote ni laini, jani ni nundu, ndiyo maana linainuka. Anza na mistari michache ya pindo ili kipande kisijikunje. Kisha fuata karatasi. Jani linaanzia kitanzi kimoja katikati, linanenepa kidogo kidogo kila upande, halafu linakonda mpaka ncha. Hakuna zaidi ya hapo. Mimi nililifuma nikiwa darasa la nne.

Mwanao

2 Aprili

Kidoti,

Salamu. Viatu vikikukataa vaa ndala, usishindane navyo.

Nimefuata maneno yako yote. Kwanza, kipande kimekuwa kidogo, kama robo tatu ya vile vya mama yako, na ni kigumu. Nimekisimamisha mezani kimesimama chenyewe. Pili, badala ya uwanja laini nimepata mistari mistari kama bati la kuezekea, na jani limepotelea humo. Karatasi nimeifuata mraba kwa mraba, sikuruka hata mmoja. Nadhani alikosea kuchora.

Jirani mwenye duka la vipuri aliniona barazani na sindano. Akauliza kama nimebadilisha fani. Nikamwambia nachomea bila umeme.

Yule dereva anakupeleka kliniki, au unapanda magari ya watu?

Baba yako

14 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Umenichekesha na bati lako mpaka mtoto akapiga teke.

Mama hakukosea. Wewe umefuma kama fundi chuma. Geti ukiligeuza, jani linabaki jani. Kitambaa sivyo. Kila ukimaliza mstari unageuza kazi, na ukigeuza, mgongo unakuwa ndio mbele yako. Kwa hiyo mstari wa kurudi fanya kinyume, uwanja nundu na jani laini. Pindo peke yake ndilo laini pande zote mbili.

Na huo ugumu ni kwa sababu unakaza. Uzi hauendi popote, Baba, hauhitaji kubanwa. Kitanzi kiteleze kwenye sindano bila kusukumwa. Fumua, anza upya.

Yule dereva ananipeleka kliniki kila mara. Na ana cheo kingine, ni mume wangu.

Mwanao

9 Mei

Kidoti,

Salamu nyingi. Goti limepata nafuu, au limechoka kugoma.

Suala la kugeuza nimelielewa. Ungesema tangu mwanzo ningeokoa muda. Uwanja sasa ni laini na jani linaonekana. Nimelegeza mkono pia, ingawa ni kazi. Miaka yote hiyo nimelipwa kwa kukaza.

Ila nilipofika kwenye ncha jani likapinda kulia, kama limepigwa na upepo. Nimefumua lote. Nieleze namna ya kukondesha ncha. Usifupishe. Eleza kila kitu.

Usiku sebule hii ni kubwa mno. Mama yako alikuwa akihesabu vitanzi kwa sauti nami nikimwambia anyamaze nisikilize taarifa ya habari. Sasa taarifa naisikia vizuri sana.

Baba yako

20 Juni

Shikamoo Baba,

Samahani kwa ukimya. Nimejifungua. Ni wa kike, mzima, analia kwa bidii. Masikio ni yako kabisa, pole yake. Leba haikuwa rahisi na nilimtaka Mama kuliko nilivyowahi kumtaka. Mume wangu alikaa kwenye benchi la nje saa zote hizo, na alipoitwa ndani akasahau kiatu kimoja huko nje.

Ncha inapinda ukipunguza upande mmoja tu. Punguza kulia na kushoto mstari uleule, mpaka kibaki kitanzi kimoja cha katikati.

Uzi ukifumuliwafumuliwa unachoka. Kata kidogo ule uliofumua unitumie, nikutafutie wa rangi ileile.

Mwanao

1 Julai

Kidoti,

Hongera, mwanangu. Nimefurahi. Habari ya masikio nimeisoma mara nyingi, hata mwenye duka la vipuri anaijua.

Ncha imeniendea kombo tena. Safari hii limepinda kushoto. Nimefumua. Hii sasa ni mara ya tano au ya sita, sina hakika. Uzi nimekutumia kidogo, umo humu kwenye bahasha. Nieleze tena habari ya ncha, na habari za mtoto, analalaje, anashikaje vitu.

Baba yako

16 Julai

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Mtoto analala mchana na kutuamsha usiku, na anashika kidole hakiachii. Hilo naye kalitoa kwako.

Uzi nimeupata. Nimeunyoosha kwenye kanga ya mtoto nikautazama. Baba, uzi uliofumwa ukafumuliwa hata mara moja unabaki umejikunja kama tambi, wala haunyooki mpaka uloweshwe. Ukifumuliwa mara sita unatoka manyoya. Huu umenyooka kama ulivyotoka dukani. Na mtu wa kuuloweka uzi wewe siye, hata shati huloweki.

Kipande ulikimaliza zamani. Sijui ni lini, lakini tangu hapo umekuwa ukinitungia makosa.

Sikukasirika. Nililia kidogo, nikamwonyesha mume wangu, naye akasema hilo blanketi tulifuate wenyewe. Mwisho wa mwezi ana likizo. Tutakuja wote watatu au hatuji kabisa. Mimi sitaingia kwa mlango huo nikimwacha baba wa mwanangu kwenye gari. Kama bado hakaribishwi, usiandike chochote. Tuma blanketi kwa posta kama ulivyosema, nikipokea kifurushi nitaelewa, na sitakusumbua tena.

Mwanao

22 Julai

Kidoti,

Salamu kwenu nyote watatu.

Blanketi sitalituma.

Kipande kilikwisha mwezi wa tano. Jani limenyooka, hata mama yako angenyamaza, na kumnyamazisha unajua ilivyokuwa. Nilikiweka mezani nikakaa nacho. Nikawaza, nikikituma leo, kesho huyu binti yangu ataniandikia kuhusu nini? Ndipo jani likaanza kupinda.

Bado ni kidogo kuliko vile vingine, kwa upana wa kidole. Mkono wangu umelegea lakini haujalegea kiasi hicho. Nimekizungushia pindo la ziada pande zote, kama tunavyofanya dirisha likiwa dogo kuliko tundu la ukuta. Sasa kinakaa. Sijakishona na vile vinane. Kazi hiyo nakuachia wewe, sindano imo ndani ya bonge la uzi.

Chumbani kwako nimetoa vyuma vyangu vyote. Godoro ni jipya. Nawataka nyumbani, nimechoka kusikiliza taarifa ya habari.

Mkifika msipige honi, geti halina kufuli. Ila bawaba ya chini imelegea na limekaa chini kidogo. Mwambie mkwe wangu aliinue kwanza, ndipo asukume.

Baba yenu