Siku Niliyomkataa Mkalimani

Mwende mjukuu wangu,

Huku mtaani Tena tuko salama, ila magoti ya nyanya yako bado yanamsumbua. Umeniuliza kama utaiweza misemo na vihusishi vya ule mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo. Utaiweza. Mimi niliikariri yote nikiwa kijana.

Mdogo wangu Mutua aliposhtakiwa kwa wizi kazini, shahidi wake nilikuwa mimi peke yangu. Siku ya wizi alishinda nyumbani akimlisha uji mama yetu, ambaye hakuweza tena kusema. Karani wa korti akaniuliza nitatumia lugha gani. Nikamkataa mkalimani, nikachagua Kiingereza, ili watu wanione. Misemo yangu ilitoka yote, kila kihusishi mahali pake. Lakini ule uji, na jinsi Mutua alivyokuwa akimpangusa mama mdomo, Kiingereza chake sikuwa nacho. Nikaviruka.

Alifungwa. Nilipomtembelea gerezani, akanishika mkono. "Uliongea vizuri sana, kaka."

Hakuwa akinikejeli. Mutua hakujua Kiingereza. Mpaka anakufa humo ndani, aliamini nilisema habari za uji.

Soma, mama. Nakuombea.

Babu yako