Alama kwenye Chupa za Sitta

Jumatatu, 3 Juni

Nimewasha mashine mapema kabla umeme haujaanza michezo yake. Alizeti ya jana imekamuliwa yote. Mashudu yamechukuliwa na wafugaji. Mchana nikachuja, jioni nikajaza chupa na kubandika lebo. Kubandika ilikuwa kazi ya mume wangu, Sitta. Zangu zinakaa upande.

Tangu tumzike mwezi wa nne, watu wa Somanda wananiambia nimejikaza. Sijajikaza. Sisikii kitu.

Mdogo wake, Maduhu, amehamia hapa kutoka Mwandoya. Ukoo ulikaa ukasema mjane hawezi kuendesha mashine peke yake. Sikubisha. Anapokea simu, anaongea na wenye maduka. Mimi nakamua.

Jumatano, 5 Juni

Mama mmoja sokoni aligeuza chupa akaniuliza hilo neno IMETHIBITISHWA maana yake nini. Si mmesajiliwa tu kama wengine?

Nikamjibu kama Sitta alivyokuwa akijibu. Kusajiliwa ni kuandikwa jina. Kuthibitishwa ni kupimwa. Watu wa viwango walikuja, wakaangalia tunavyochuja na tunavyohifadhi, wakabeba mafuta yetu kwenda kuyapima Mwanza. Mara ya kwanza yalikataliwa. Sitta akabadilisha kichujio, akajenga sakafu ya saruji, akaomba tena. Ndipo tukapewa alama. Wengine wanaona ile mistari myeusi ya kupigia bei dukani wanadhani ndiyo hiyo. Siyo.

Nilisema yote bila sauti kupanda wala kushuka. Yule mama akanunua. Nikamrudishia chenji.

Jumamosi, 8 Juni

Maduhu amepata mteja mkubwa, mwenye duka la jumla. Anataka katoni nyingi kabla ya mwisho wa mwezi. Alizeti yetu haifiki hata nusu. Nilimwambia. Akasema niache wasiwasi.

Sina wasiwasi. Nimesema tu haifiki.

Jumanne, 11 Juni

Pikapu imeleta mapipa ya mafuta kutoka Lagangabilili. Nilifungua moja. Yana ukungu na harufu ya mbegu zilizolowa mvua. Nikasogea. Maduhu akachota kwa jagi, akaanza kujaza chupa zetu. Lebo zetu. Alama yetu.

Nikamwambia, "Shemeji, haya hayakukamuliwa hapa."

"Alizeti ni alizeti."

"Hayajapimwa."

"Sisi ndio tumepimwa, mayu. Tukishathibitishwa, tumethibitishwa. Au wanapima kila tone?"

Mayu, yaani mama; ndivyo anavyoniita siku zote. Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nikaenda kuanua nguo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimempigia simu yule dada wa viwango aliyekuja kutukagua. Sikumwambia habari za mapipa. Nilimwuliza tu alama ni ya nani.

Akasema si ya mtu kama shamba, wala si sifa ya ukoo. Leseni imetolewa kwa mafuta yanayotengenezwa hapa, kwa njia waliyoikagua. Mafuta ya kwingine hayaruhusiwi kuibeba, hata kama muuzaji ni yuleyule. Halafu akauliza kama mzee Sitta hajambo.

Hakuwa na habari.

Nikamwambia alifariki. Presha. Akatoa pole. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba mwenye leseni akifariki ilipaswa wajulishwe.

Nilikata simu nikaendelea kuchambua mbegu. Mikono ilikwenda yenyewe. Niliiangalia kama mikono ya mtu mwingine.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa tuliitwa kwa mama mkwe. Nilimweleza yote: mapipa, harufu, maneno ya simu. Maduhu akacheka kidogo. Akasema nataka kulifuta jina la kaka yake.

Mama mkwe hakunitazama. "Mwanangu amekufa. Kilichobaki ni hicho kilichoandikwa kwenye chupa. Unataka na chenyewe kitoke?"

Baba mdogo mmoja akakumbusha kwamba mashine ni ya ukoo, na kwamba kwetu Kiloleli njia naijua. Alisema taratibu, kama anayeniombea safari njema.

Nimerudi nyumbani. Nimefua sare za watoto. Naandika hivi, na bado sijui naumia wapi.

Jumatano, 19 Juni

Maduhu alikwenda Mwandoya asubuhi kuangalia ng'ombe wake. Katoni za mafuta ya mapipa zimepangwa stoo, kesho gari linakuja kuzichukua.

Nilifungua ya kwanza. Nikamimina maji ya moto kwenye beseni nikaanza kuzibandua lebo. Zinatoka vibaya. Karatasi inachanika, gundi inabaki. Nikatumia kisu. Kuna chupa niliyobandua jina la Sitta likabaki nusu, nikalikwangua mpaka likaisha. Hilo lilinichukua muda. Sikulia. Nilidhani ningelia pale.

Maduhu alinikuta bado niko chini. Nilijua atanipiga. Hakunipiga. Alikaa kwenye ngazi ya stoo, akavua kofia.

"Mteja nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

"Umetumaliza, Minza."

Ni mara ya kwanza ananiita jina.

Ijumaa, 21 Juni

Nimempigia tena yule dada. Safari hii nimesema yote.

Jumatano, 26 Juni

Walikuja wawili kwa gari. Waliyachukua mapipa na kuandika maelezo yangu na ya Maduhu. Matumizi ya alama yamesimamishwa. Lebo zote zilizobaki nimewakabidhi mwenyewe. Sitta alihangaika na alama ile tangu mtoto wetu wa pili hajaanza shule. Imeondoka imetiwa kwenye mfuko wa nailoni.

Nikauliza kama naweza kuomba upya. Dada akasema naweza, ila ni kuanza mwanzo: ukaguzi, sampuli, kusubiri. Na huenda mafuta yakakataliwa.

Nikasema sawa.

Jumanne, 2 Julai

Mwenye duka la jumla amepata mafuta kwingine. Sokoni wanasema tulikuwa tunauza sumu. Wengine wanasema mjane amewauza wakwe zake. Maduhu amerudi Mwandoya bila kuniaga. Baba mdogo ametuma mtu kusema ukoo utakaa tena baada ya mavuno, wataamua juu ya mashine. Basi nina mpaka mavuno yaishe.

Nakamua kidogo. Nauza kwa kupima, kwenye chupa ambazo watu wanakuja nazo. Anayeuliza alama namwambia haipo. Wengi wanaondoka. Siwalaumu.

Usingizi wa kawaida. Hakuna ndoto.

Alhamisi, 11 Julai

Dada wa viwango amechukua sampuli. Alizifunga chupa mbele yangu, akaweka lakiri. Akauliza aandike jina gani la mzalishaji. Nilizitazama zile chupa mpaka akainua macho.

Nikamwambia aandike Minza.

Jumamosi, 20 Julai

Majibu bado. Upepo mwingi leo, vumbi limeingia hadi stoo. Nilifunga milango nikakaa kuchambua mbegu kwenye ungo.

Mama mkwe alikuja. Sikumsikia anabisha.

"Mwadila, mayu," akasema.

Nikaitikia salamu yake. Nikampa kiti, hakukikalia. Akaniuliza zile mbegu zenye weusi naziweka wapi. Nikamwonyesha ndoo ya kutupa. Akakunja kanga, akakaa chini upande wa pili wa ungo, akaanza kuchambua. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Anaishika kila mbegu kwa vidole kwanza.

Tuliendelea hadi gunia la mbegu likalegea, likalala.