Filimbi Ndani ya Pedali ya Bei Chee

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniletea pedali. Ya distosheni — ile unaikanyaga, gita linaanza kunguruma. Bei chee, ya kutupwa. Kaiweka kwenye meza yangu ya ufundi, nyuma ya duka, taratibu, kama mtu aliyeleta mgonjwa. Anasema nikiipitisha mimi anaagiza mia mbili. Nikiikataa, basi.

Ndiyo hivyo. Duka lote limesimama juu ya masikio yangu mawili. Miaka thelathini na moja! Nikipitisha kitu nakitia doa la rangi nyekundu ya kucha, na mpiga gita akishaliona doa haulizi tena. Bosi mwenyewe kwake kelele zote ni kelele. Gita na mlango usiotiwa mafuta hawezi kuvitofautisha.

Kwanza umbo. Nimefungua skrubu nne. Nilitegemea plastiki — kumbe bati zito, rangi imeshika, hata kucha haiikwaruzi. Ndani lehemu safi, kuliko ya fundi mmoja ninayemjua anajisifu sana. (Mimi, siku za Jumatatu.) Ila matundu ya kuchomekea waya ni ya plastiki, yamelehemewa moja kwa moja kwenye ubao. Mtu akijikwaa kwenye waya anang'oa na utumbo. Nobu ya toni, kile kitufe cha kuzungusha, inacheza kama jino la mtoto. Nikaikanyaga mara mia mbili. Nikaiangusha toka kiunoni. Nobu ikakimbilia chini ya kabati, sauti palepale.

Sauti sasa. Nikatia betri, nikachomeka gita. Ukali kidogo: tamu, kama mtu aliyekaukiwa koo anaomba maji kwa adabu. Ukali nusu: inanguruma, na kila uzi bado unasikika peke yake. Mpaka mwisho: nyuki ndani ya ndoo, nyuzi nene zinageuka uji. Lakini nani anafika mwisho? Mimi tu, ujanani. Nilipiga ukumbi mmoja mpaka panya wakahama na watoto wao, mwenye ukumbi akanishukuru.

Nimetia doa. Bosi kapiga simu palepale. Mzigo unafungwa Jumamosi saa sita mchana, kabla ya hapo bado anaweza kuuzuia. Ya nini kuuzuia!

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu wangu kapita akitoka kazini. Gita nimemfundisha mimi, na sasa ananizidi — sentensi hiyo siiandiki tena.

"Mume wangu," ananiambia, "nioneshe hiyo pedali unayojigamba nayo mtaa mzima."

Hana subira ya betri. Kachomeka adapta ya ukutani, kama wanavyofanya wote siku hizi. Kapiga kidogo. Kasimamisha mkono. Kauliza hiyo filimbi ya nini.

Filimbi ipi?

Anasema nyembamba, juu kabisa, kama mbu. Nikamwambia ni taa. Kazima taa. Anasema bado. Nikalaza sikio kwenye spika. Kimya.

Kachomoa adapta, katia betri. Anasema imekoma. Kwangu ilikuwa ileile, kabla na baada.

Hakucheka. Huyu anayecheka hata mtu akipiga chafya — hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Mafua tu. Masikio mazima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga mlango, nimejipima mwenyewe. Saa ya mezani: mshale naona unaruka, mlio hakuna. Simu: mjukuu kasema hulia pii-pii ikikaribia kuzima. Muda wote huu nilidhani inajifia kimyakimya, kwa heshima zake.

Kisha nikachukua kile kidude changu cha kutoa milio, chenye sindano. Nikapandisha polepole. Mlio ukapanda, ukapanda, ukawa uzi, ukakatika. Nikaangalia sindano. Bado inacheza. Yaani mlio upo. Mimi ndiye sipo.

Nikarudia mara nne. Unakatika palepale.

Humu simwandikii mtu, kwa hiyo niseme. Panya hawakuhama. Walikuwepo watu kumi na wawili ukumbini, wakahama wao. Lakini masikio! Masikio sikuwahi kuyatia chumvi. Hayo yalikuwa ya kweli.

Mwaka huu nimetia madoa mangapi? Yapi nilisikia, yapi nilibahatisha? Sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Kaja yule mpiga gita tunayemwita Mrefu. Bosi alimwazima pedali juzi akaijaribu. Kaiweka kaunta, kasema inapiga filimbi. Kasema mbele yangu, macho makavu.

Bosi kaniangalia mimi, hakuangalia pedali. Kamwambia Mrefu kwamba mzee huyu hajakosea tangu yeye bosi ana nywele.

Mjukuu alikuwepo, akadakia haraka: babu alipima kwa betri. Sote tunatumia adapta.

Na ni kweli! Enzi zetu adapta ilikuwa hadithi, kila kitu napima kwa betri, sijawahi kubadili. Kosa la kizee, la kuchekwa na kusamehewa. Bosi kacheka. Mrefu kacheka. Nikacheka mimi kuwazidi wote, mpaka nikajishtukia.

Ila Mrefu hakuondoka. Anasema huenda mbovu ni adapta yake, ni ya zamani. Tupime na adapta mpya ya hapa dukani. Kesho, wapiga gita wote wawepo. Bosi kakubali mara moja. Mzee akisema pedali mbovu, bosi anazuia mzigo. Akisema nzima, imekwisha hiyo.

Njiani mjukuu kanishika mkono. Atasimama mlangoni, anasema. Filimbi ikilia, atashika hereni. Nimwangalie yeye tu.

Nikamuuliza hereni ipi, maana anazo sita.

Ningemwambia bosi leo. Nilifungua mdomo mara mbili. Lakini fundi wa sauti asiyesikia ni nani? Ni mzee mwenye bisibisi. Bosi ni mtu mwema, atanipa kiti nikae pale nje niwe nasalimia wateja. Kiti hicho nakiona. Kina mto.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tano na dakika ishirini. Naandika mezani kwangu, nyuma. Wao wako mbele.

Wamekuja sita. Bosi amevaa shati la kutokea. Kawaambia kaeni mumwone bingwa kazini. Nami nikaeleza jinsi nilivyowahi kugundua waya uliokatika kwa kusikiliza kupitia ukuta. Wakacheka. Mikono yangu nikaificha mifukoni.

Adapta ya Mrefu kwanza. Mjukuu, kasimama mlangoni, akapiga nyuzi, halafu akalinyamazisha gita kwa kiganja, mkono wa pili ukaenda kwenye hereni. "Inapiga filimbi kama refa aliyenyimwa mshahara," nikasema. Wakaitikia kwa vichwa. Sawasawa.

Halafu adapta mpya ya duka. Safari hii Mrefu kaomba kupiga yeye. Kahamisha kiti, kaketi katikati yangu na mlango. Sijui makusudi, sijui miguu tu. Mjukuu simwoni. Naona kichwa cha Mrefu na dari.

Kapiga. Kanyamazisha. Bosi kauliza, "Hii je, mzee?"

Nikatafuta nyusoni mwao. Hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Wote wananingoja mimi, kwa heshima. Heshima hiyo ingeniua palepale.

Nikasema ngoja nichukue miwani.

"Miwani ya kusikilizia, mzee?" mmoja kauliza. Wamecheka. Nami nimecheka. Nimekuja huku nyuma.

Mjukuu kanifuata. Kafunga mlango, kaegemea.

Nimemwomba aniambie tu. Inalia au hailii. Neno moja, nitoke nalo.

Katikisa kichwa. "Babu, nikikuambia leo, wiki ijayo nani atakuambia? Hereni siishiki tena. Toka ukawaambie husikii. Au nitoke niwaambie mimi. Chagua wewe."

Hajaniita mume wangu.

Sasa ni saa tano na nusu na kitu. Bosi ananiita, ya pili hiyo — sauti yake nene, naisikia vizuri kabisa. Anasema simu iko mkononi, wa mizigo wako hewani wanangoja. Mjukuu bado yuko mlangoni, mkono kwenye kitasa, ananitazama.

Nimemwambia asubiri nimalize kuandika. Nimemaliza zamani. Bado naandika