Nilijaza Nyumba Ambayo Bado Hatujajenga

Shangazi Kaari mpendwa, nisaidie, furaha yangu inataka kunichoma. Nimeolewa miezi minane tu na Mbaabu wangu, mkulima wa miraa hapa Kangeta, ananipenda hadi ananichotea maji mbele ya watu, na mtoto wetu yuko njiani, basi akaniachia simu nitusajili kwa SHA, bima mpya ya afya ya serikali, kwa sababu kadi yake ya zamani ya NHIF haitumiki tena, na ile simu ikaanza kuniuliza sakafu yetu ni ya nini, tunapikia nini, maji tunatoa wapi, nami, Shangazi, ningewezaje kujibu udongo, kuni na mtoni kuhusu nyumba yenye raha yote hii, nikajaza ile aliyoniahidi tukiwa wachumba: vigae, gesi, mfereji jikoni, na ng'ombe wawili wa maziwa ambao nimeshawapa majina.

Mchango ukaja mara nne ya ule wa jirani yetu Kiambi, na ni wa mwaka mzima! Mbaabu badala ya kushtuka akafurahi. Sokoni anamwambia, "Kiambi, wewe serikali imekuona maskini, nyamaza. Mimi wamenipima wakaona mwanaume kamili." Sasa anatafuta mtu wa kununua mabati aliyoweka ya kujengea nyumba yetu mpya ili alipie bima, na nimebakisha miezi mitatu nijifungue. Nikisema ukweli nitamvunja moyo. Nifanyeje?

Nelius

Nelius, hongera kwa ndoa, na pole kwa hao ng'ombe.

Mwanangu, yale maswali si barua ya mapenzi. Enzi za NHIF wasio na ajira walilipa mia tano kila mwezi, mwenye udongo na mwenye vigae sawa. Siku hizi kiwango kinatokana na majibu, na wewe ulijibu kama mke wa mbunge. Sasa mumeo anauza nyumba ya kweli ili alipie ya kwenye simu, nawe unaogopa kumvunja moyo!

Mwambie leo, kabla mabati hayajapata mnunuzi. Usimwambie "sisi ni maskini." Mwambie, "Nilitangulia kuhamia." Kesho nendeni wote wawili ofisi ya SHA na vitambulisho, muombe kupimwa upya, na safari hii jibu ukiangalia chini, pale unapofagia. Kliniki usikose hata siku moja.

Mbaabu naye amwombe Kiambi msamaha, kisha amwombe nyundo. Siku mabati yatakapopanda, mtabadilisha majibu. Ng'ombe utawataja ukishawakamua.