Gari Linalougua Alfajiri

Jumamosi. Manyunyu tangu kabla ya kucha, kisha jua la ghafla, sasa upepo kidogo.

Nimekaa barazani. Mikono inanuka petroli ingawa nimeinawa kwa sabuni mara mbili. Gari limepona leo. Nilidhani ningeandika haya kwa furaha tupu.

Lori letu ni dogo, la petroli, kuukuu kuliko ndoa yetu. Mume wangu, Elia, alilinunua likiwa halina hata kiti cha abiria, akalifufua mwenyewe. Mwaka jana tumbaku yetu ilipoharibikia shambani, akaenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nikabaki hapa kijijini Kigwa na usukani. Nabeba asali na mahindi ya wenzangu kupeleka Tabora mjini. Binti yetu Rehema yuko shule ya bweni, kwa hiyo jioni napika chakula cha mtu mmoja, na bado kinabaki.

Mvua za kwanza zilipoanza, gari nalo likaanza kumisi. Silinda moja inakosa kuwaka, injini inatikisika kama mtu mwenye kwikwi, linavuta, linakata, linavuta tena. Lakini nikifika mjini jua limeshapanda. Fundi Nassoro pale Kanyenye anafungua boneti, anatega sikio, na injini inanguruma safi kabisa.

"Mama Rehema, hili gari halina tatizo."

Alibadilisha plagi. Akasafisha kabureta. Akaweka chujio jipya la petroli. Kila mara naondoka vizuri, na alfajiri inayofuata kwikwi ni ile ile. Mara ya mwisho aliniangalia kwa huruma, kana kwamba nasikia sauti zisizokuwepo.

Nikampigia Elia.

Niseme ukweli, simu zetu zilikuwa zimekauka. Alikuwa anapiga Jumapili baada ya ibada. Mtoto mzima? Mzima. Mvua? Bado. Haya. Haya. Nikishakata nabaki nimeishika simu, najiuliza kama huyu ndiye yule aliyekuwa akinichekesha mpaka nashindwa kusonga ugali.

Nilipomwambia gari linamisi, sauti yake ilibadilika. Linamisi likiwa la baridi au la moto? Kwenye mwinuko tu, au hata likisimama? Aliniuliza maswali mengi kuliko ya mwaka mzima. Akaniambia alfajiri niliwashe, niweke simu karibu na injini, nisiseme kitu.

Tangu hapo akawa anapiga kila alfajiri kabla ya kuingia shimoni. "Mwangaluka," ananiamkia kwa salamu ya kwetu, na mimi naitika nikiwa nimeshafungua boneti, kanga kichwani kwa sababu ya manyunyu. Tunasikiliza pamoja, yeye Chunya, mimi Kigwa.

Niliipenda ile kwikwi.

Juzi, Alhamisi, ikaacha kuwa jambo la kupenda. Jirani yangu Tatu alishikwa na uchungu kabla ya kucha, mvua ikinyesha, na gari la karibu lilikuwa langu tu. Tukamketisha mbele, mumewe akapanda nyuma. Njiani gari lilikata, likakata tena, kisha likazima kabisa katikati ya pori. Tatu alinikamata mkono.

"Dada, nisije nikazalia hapa."

Niliwasha, likagoma. Niliwasha tena na tena mpaka likakubali, nikaliendesha huku likichechemea hadi hospitali kule Kitete. Alijifungua salama, mtoto wa kiume. Mimi nilibaki nje, nikampigia Elia.

"Hili gari litaua mtu. Nataka lipone."

"Linaugua kwenye unyevu," akasema, "na kwa fundi linafika limekauka. Hizo ni waya za plagi. Umeme unavuja. Jumamosi sina zamu, tutazitazama gizani."

Basi leo asubuhi nimeingiza kichwa cha gari kwenye ghala la tumbaku, mkia nikauacha nje ili moshi usiniue, nikaning'iniza turubai mlangoni pakawa giza. Nikawasha injini. Simu nikaiweka sauti ya juu. Nikachukua ile chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi, nikanyunyiza maji kwenye waya, mmoja mmoja.

Waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, cheche ya buluu ikaruka kwenda kwenye chuma cha injini, tik, tik, tik, na gari likaanza kwikwi yake.

"Naiona!" nikapiga kelele. "Baba Rehema, naiona!"

Akacheka. Kile kicheko chake cha zamani.

Waya ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nimekwenda Kanyenye, fundi Nassoro akafunga waya mpya zote. Tukanyunyiza maji tena. Injini haikutingishika hata kidogo. "Nisamehe, dada," akasema, "mimi nilikuwa namtibu mgonjwa akiwa mzima."

Jioni hii nimempa Elia habari.

"Halimisi?"

"Halimisi."

Halafu kile kimya cha zamani kikarudi. Nikaisikia "haya" inakuja, nikaogopa.

"Usikate," nikamwambia. "Kesho alfajiri utapiga?"

"Si limepona?"

"Limepona. Wewe piga hivyo hivyo."

Ndipo akaniambia kwamba mtandao haufiki wanakolala, na kwamba siku zote hizi amekuwa akiamka kabla ya wenzake na kupanda lundo la udongo kando ya shimo, ili anisikie.

"Na mimi nilikuwa naogopa lisije likapona," akasema.

Nikamwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia tangu aondoke. Rudi. Rudi tupande mahindi, tupande chochote.

Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Aliniuliza tu mvua imelowesha udongo wa shambani mpaka kina gani.

Nimechukua jembe nikaenda kuchimba kabla mwanga haujaisha. Unyevu umeingia zaidi ya kiganja, na hata chini ya hapo udongo bado ni mweusi kwa maji, tayari kwa mbegu. Akipiga alfajiri, hilo ndilo nitakalomwambia kwanza.