Mpeleke Baba Akapimwe Macho

Goba, Dar es Salaam

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Hamjambo huko Newala, wewe, shemeji na Baba? Mikorosho imeshaanza kutoa maua? Mie mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Nimeamua kuandika kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza kwa utani kama kawaida yako, na hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Kazi yetu unaijua: tunazunguka mitaani kupima macho na kutoa miwani kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Wiki iliyopita tulikuwa Kipawa, kwenye kibaraza cha ofisi ya serikali ya mtaa. Akaja msusi mmoja, Mama Shani. Alisema wateja wanamkimbia kwa sababu mistari ya nywele inapinda. Nikampa miwani ya kusomea, akasoma maandishi madogo ya pakiti ya dawa, akacheka mpaka foleni nzima ikacheka. Kisha akageuka kuondoka, akaparamia ndoo iliyokuwa pembeni yake. Hakuiona kabisa.

Nikamwita daktari wetu ampime presha ya macho. Ilikuwa juu mno.

"Miwani itakusaidia kusuka, mama," daktari akamwambia. "Lakini presha imeshakula nguvu yako ya kuona pembeni. Iliyopotea hairudi. Matone yatalinda iliyobaki."

"Mbona sijaumwa hata siku moja?"

"Ndiyo ubaya wake. Kwenu kuna aliyepofuka?"

Mama Shani akavua miwani. "Mama yangu. Sie tulisema uzee."

Kesho yake, kabla hatujapanga viti, alikuwa mlangoni na binti zake wawili. "Anzeni na hawa," akasema.

Kaka, palepale nikamkumbuka Baba. Likizo iliyopita alimwaga mara mbili chai iliyokuwa ubavuni mwake, akajigonga kwenye mwimo wa mlango, nasi tukamcheka. Mie, mpimaji wa macho, nilicheka! Tangu siku ile ya Kipawa situlii. Naanza kupika, naacha. Nanyoosha kidole pembeni ya uso nione kama nakiona.

Jana nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Nami ninayo presha hiyo. Daktari anasema haijaharibu kitu, nimeshaanza matone.

Sasa mpeleke Baba hospitali ya wilaya wiki hii hii, wampime presha ya macho. Usingoje likizo yangu. Nawe upimwe siku hiyohiyo, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Baba atakwambia ni uzee tu. Usimkubalie.

Nisalimie shemeji, na shangazi Fatu aliyetulea, na mjomba wa mashine ya kusaga. Wote hao nao waende kupimwa, shangazi kwanza, maana ni damu ya Baba.

Baba akigoma kabisa, mwambie bintiye tayari anatia matone. Atainuka.

Mdogo wako,
Somoe