Taa Nyekundu Nyuma ya Banda la Kuku

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko msituni imekipa kifua chako likizo. Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, na habari zake nitazirudia huko mbele, kwa hiyo usirukie mwisho kama unavyofanya na vitabu.

Kwanza asante. Kamera uliyotutumia, ile inayojiwasha yenyewe kitu kikitikisika mbele yake, mliyokuwa mkiitumia kazini kuwapiga picha wanyama wakipita, ilifika salama ndani ya soksi zako. Niliifunga kwenye mti nyuma ya banda la kuku, nikangoja kumnasa mwizi wa mayai. Mimi ni seremala, dada, najua mbao, nyasi sikuzifikiria. Kadi ikajaa picha za nyasi zikipepea. Mama alizitazama zote kwa subira, kisha akasema kwamba miaka yote aliyofuga kuku hajawahi kuona nyasi zikila yai.

Nikafyeka, nikaishusha kamera hadi usawa wa goti, nikaiweka irekodi video fupi zenye sauti. Basi mambo yakaanza! Tumemwona nungunungu akijikuna kwenye kona ya banda kana kwamba nililijenga kwa ajili yake. Tumemwona paa ametoka mitini alfajiri, akanusa ndoo ya Mama, akaenda zake. Na mwizi tumemjua: ni nguchiro, tena ana watoto, analivingirisha yai bila haraka yoyote. Mbwa wa fundi baiskeli, ambaye tumemtukana mwaka mzima, hana hatia. Mama alinituma kwa jirani kuomba radhi, nami nikaomba, mbwa mwenyewe akiwapo. Fundi baiskeli alicheka hadi akaangusha spana.

Tangu Baba atutoke sikuwa nimemwona Mama akikimbilia kitu asubuhi. Sasa ananigongea mlango niende kuchukua kadi, kisha tunakaa mezani na kompyuta yangu kuukuu, yeye akibonyeza na kuziruka video anazosema ni za kuku tu, chai inapoa. Kwa hilo sijui nikushukuru vipi.

Najua hajazungumza nawe tangu mazishi. Najua pia ulikuwa kambini, habari ikakufikia tukiwa tumekwisha kuzika, na maneno aliyokutupia siku ile niliyasikia. Tangu hapo kila ukipiga ananisukumia simu mimi. Sasa nikuambie nilichokikuta juzi, nilipoifungua kadi peke yangu Mama akiwa sokoni.

Katikati ya nguchiro na nungunungu, kwenye zile video anazoziruka, yumo Mama. Mwanzo nilidhani anapita tu kuokota mayai. Kumbe anasimama. Anaweka sawa kitambaa cha kichwa, anaikazia macho ile taa nyekundu ndogo inayowaka mtu akikaribia, anakusalimia kwa jina lako la utotoni. Anadhani unamwona! Anadhani kila kinachopita pale kinakufikia papo hapo. Siku moja amekuonyesha mguu wake uliopona. Siku nyingine ameinua kifaranga, akakuambia huyu ndiye mkorofi wa banda, mmefanana. Halafu kuna siku amevuta kigoda, akakaa, akasema hakukasirishwa na kuchelewa kwako. Alikuwa na uchungu, akamtupia aliyekuwa mbali. Yale maneno yamemkaa kooni, na akiiona simu anaona haya, hajui aanzie wapi. Akasema kamera ni afadhali, haimkatizi.

Nililia, dada, kompyuta mbele yangu, na sioni aibu kukuambia.

Sijamweleza kwamba kamera hii haitumi kitu chochote popote. Jana aliniuliza mbona hujibu. Nikasema una kazi nyingi, na hata mimi jibu hilo halikuniridhisha. Kwa hiyo kadi nimeishonea ndani ya bahasha hii. Nguchiro watazame baadaye.

Ukimaliza, usinipigie mimi, mpigie yeye. Siku hizi simu anatembea nayo mfukoni, na akienda kuoga ananikabidhi na kuniamuru nisiondoke pale mlangoni.

Fundi baiskeli anakusalimu, mbwa wake pia. Nasi tunakuombea afya na njia nyeupe ya kuja nyumbani.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho,
Seremala